Kibwandu Hajapata Kuzaliwa

Wakata boriti wa Mto Kipoka walikuwa na mwenzao mmoja asiyekuwepo, na hawakuwa na wa kumtegemea zaidi yake. Jina lake Kibwandu. Ukiingia mikokoni, jina ulilopewa na baba yako unaliacha mtumbwini, maana humo ndani wamo wenye masikio yasiyo ya kibinadamu. Wakilisikia jina la mtu hulishika, na mwenye jina hamalizi mwaka. Basi ukimtaka mwenzako akupokee gogo unaita Kibwandu, naye anaitika, na akikutaka wewe anaita Kibwandu vilevile. Wenye masikio wasikilize mpaka wachoke. Hawana wa kumshika. Ndiyo maana kijiji kizima hapana mtoto aliyewahi kuitwa jina hilo.

Kwa wakataji kumi na saba, Tamimu ndiye aliyekuwa mkubwa, na miiko ya mikokoni ilikuwa mikononi mwake. Mwaka wa tisini na tatu, nchi ilipokwisha kufungua milango na kila mgeni mwenye mkoba akawa anaitwa mwekezaji, alikuja karani kuandikisha watumiaji wa mikoko. Mtu mwenye akili zake angewangoja kijijini, akaletewa mkeka na dafu. Huyu alikuwa na waraka uliosema watumiaji waandikwe mahali pao pa kazi, na waraka ni waraka. Akawafuata maji yakiwa yamekupwa, suruali kaikunja magotini, viatu kavishika mkononi.

"Jina lako nani, mzee?"

Tamimu akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye. Angeweza kumwambia karani warudi wote kijijini wakaandikwe huko. Aliona haya kumwamuru mtu wa serikali.

"Kibwandu," akasema.

Karani akamgeukia Husseini, mkataji aliyesimama karibu, naye akajibu Kibwandu. Wa tatu, Kibwandu. Karani hakuwa mjinga. Alikuwa na werevu wa aina ile inayodhuru. Akaamini kwamba hawa ni vibarua na wanamtaja tajiri wao. Akaandika mstari mmoja: Mto Kipoka, mtumiaji Kibwandu, vibarua kumi na saba. Akaenda zake. Wakataji walicheka wiki nzima, kwamba leo hata serikali imepigwa chenga.

Kicheko hicho kilidumu miaka minne. Mwaka wa tisini na saba zikaja habari kwamba mtu wa kufuga kamba amepewa Mto Kipoka, na mikoko itang'olewa ichimbwe mabwawa. Mwenye pingamizi aende ofisini Kibiti, ilimradi jina lake limo katika orodha. Tamimu akaondoka na binti yake Mwanaidi, aliyejua kusoma, na ambaye mumewe Kheri alikuwa mdogo kuliko wote katika wale kumi na saba. Hawakuwa na shamba la mpunga wala wavu. Mto ukienda, wamekwenda wote.

Afisa aliyewapokea alikuwa kijana, tena mwenye adabu. Akaamkia, akawapa viti, akafungua jalada.

"Wewe ndiye Kibwandu, mzee?"

"Mimi Tamimu."

"Tamimu hayumo humu. Kibwandu yuko wapi?"

"Hayuko."

"Kama kafariki, leteni cheti cha kifo na warithi wake."

"Hajafa, mwanangu. Hajapata kuzaliwa."

Afisa akaweka kalamu chini. Tamimu akamweleza yote, hata yale asiyoambiwa mtu wa nje, na aibu ikamshika huku anasema. Kijana alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, mzee. Lakini kama hayupo, aliandikishwaje mto? Na kama mto ni wake, utaniambiaje hayupo? Karatasi yangu inamjua yeye. Wewe haikujui."

Swali hilo lilikuwa limemwandama Tamimu njia nzima. Tangu ujana wake ameita Kibwandu na kuitikiwa. Alikuwa akimwita nani? Asiyekuwepo ameandikwa ana mto. Waliopo, wenye damu na wake na watoto, hawana hata mti. Moyo ulimuuma kama aliyefiwa.

Alijua lililobaki. Alijua pia kwamba jina lile lilikuwa kinga kwa sababu halikuwa la mtu, na siku litakapopata mwenyewe, kinga imekwisha. Lakini kinga ya nini, pasipo na mikoko?

"Mimi ndiye Kibwandu," akasema.

"Baba," Mwanaidi akamshika mkono.

"Niache, mwanangu."

Afisa alifunua kurasa mbili tatu, akakunja uso. "Sasa, mzee, mbona ulishakubali?"

Akawageuzia karatasi. Mwanaidi akaisoma kwa sauti: mimi Kibwandu, mtumiaji wa Mto Kipoka, nimeridhia kwa hiari yangu. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, nono, ya wino wa zambarau, na tarehe ya mwezi Machi.

"Hilo si langu," Tamimu akasema.

"Si la Kibwandu?"

Hapo ndipo alipokwama. Akiwa yeye ni Kibwandu, ameridhia. Akiwa siye, hana la kusema mbele ya jalada lile. Dole lilikuwa la nani hakujua, na halijajulikana hadi leo. Wako wanaosema ni la mmoja wa wale kumi na saba. Jina lisilo na mtu ni dungu, kibanda cha kulindia shamba, lisilo na mlinzi; hulala humo aliyetangulia kufika.

Afisa akatoa notisi ya siku kumi na nne za kuondoa boriti zilizokwisha katwa. Ilitolewa kwa mwenye jina tu, atie dole kwamba ameipokea. Tamimu akatia. Sasa jalada lilikuwa na madole mawili ya Kibwandu, moja laini, la pili lina kovu la shoka katikati, na hakuna aliyeyalinganisha.

Waliporudi gatini, Husseini alimsikiliza bila kumkatiza. "Umefanya lililowezekana, kaka," akasema. "Lakini jina sasa lina mwenyewe. Hatuwezi kuliita tena mle mikokoni, wala kuingia nawe."

Kwa hiyo wakaingia kumi na sita, wakitoa boriti zao kimya kimya, mtu akimtaka mwenzake amfuate amguse bega. Tamimu alibaki ukingoni akichunga mitumbwi. Siku ya tisa mkoko uliokuwa umekatwa nusu ukaanza kulala upande aliosimama Kheri, naye ameupa mgongo. Husseini aliuona. Kibwandu lilimjia mdomoni, akalimeza, na alipokuwa akitafuta jina jingine, mti ukawa umekwisha kufika chini, na Kheri yuko chini yake.