Kuomba Loshoro kwa Kuimba

Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, Tabea hakuwa na neno. Alisikia yote, alielewa yote, na mtu akisema upuuzi alimkata jicho kama zamani. Lakini akifungua kinywa kuomba maji, ilitoka milio isiyo na mbele wala nyuma, naye akakasirika na kunyamaza.

Mumewe, Sumari, aliumia. Isitoshe, harusi ya binti yao Hanna ilikuwa imekaribia, na katika ukoo wao, pale mteremkoni juu ya Makumira, bibi harusi hatoki nyumbani kabla mama yake hajambariki kwa kinywa chake mbele ya watu. Eunike, dada yake Sumari, mwanamke hodari wa kupanga mambo ya wenzake, alikwisha kuamua.

"Nitasema mimi, kaka. Shangazi naye ni mama."

"Mama yake yu hai," Sumari akamjibu kwa ukali. "Msimzike akiwa amekaa kitini."

Jumapili iliyofuata, wimbo wa kwanza ulipoanza kanisani, Sumari alisikia kutoka upande wa wanawake sauti aliyoijua kuliko zote. Tabea alikuwa anaimba, na maneno yote yalikuwamo, safi kabisa! Wimbo ukaisha, watu wakakaa, Sumari akabaki amesimama peke yake kama mlingoti hadi mchungaji alipokohoa.

Nyumbani akamuuliza mkewe kama anataka uji. Milio ileile ikarudi. Basi Sumari akawaza siku nzima akipogoa kahawa. Maneno hayakufa, yalikuwa yamejikunyata ndani ya tuni. Na hiki Kimeru chao, hata mtu akiitana tu na jirani, si sauti inapanda na kushuka? Ukiivuta kidogo pale inapopanda, ukaikawiza pale inapotua, umeshapata wimbo.

Tatizo lilikuwa moja: Sumari hakujua kuimba hata chembe. Mungu alimpa mikono mizuri, koo akalisahau. Hata hivyo aliweka mezani bakuli la loshoro, mahindi ya kuchemsha yaliyochanganywa na maziwa mgando, akakaa karibu na mkewe, akaushika mkono wake wa kushoto, akaupigapiga taratibu, akatoa sauti: "Mama Hannaaa, utakula loshorooo?"

Mbuzi aliyekuwa karibu akaondoka. Tabea akacheka mpaka machozi, kisha, kwa tuni ileile, akajibu: "Nitakulaaa."

Tangu siku hiyo nyumba ile haikunyamaza. Waliimba chumvi, waliimba ng'ombe, waliimba paa linalovuja. Wapita njia waliulizana kama Baba Hanna ameanza kulewa asubuhi. Hata ugomvi waliuimba, ingawa ugomvi hutaka maneno ya kukata na wimbo hutaka ya kuvuta, kwa hiyo mara nyingi waliishia kucheka. Na kila jioni walifanya mazoezi ya baraka ya Hanna, neno kwa neno.

Siku ikafika. Wakwe kutoka Sekei walikaa kwa heshima, Eunike akasimama na kusafisha koo. Sumari akamwahi. Aliushika mkono wa mkewe, na mbele ya wageni wote akaanzisha tuni kwa sauti yake ya kukwaruza. Vijana wakacheka waziwazi. Tabea akaipokea.

"Nenda salama, mwanangu. Nyumba yako iwe na moto, na mlango wako uwe wazi."

Eunike akakaa, akajifuta macho kwa khanga. Maneno waliyoyafanyia mazoezi yaliishia hapo, na Sumari akataka kuuachia mkono. Tabea akaukaza. Midomo yake ilitafuta, ikapotea, ikatafuta tena, kisha akaimba polepole maneno ambayo hakuna aliyemfundisha:

"Baba yako hajui kuimba. Ameniimbia kila siku. Nawe, mwanangu, upendwe hivyo."

Hanna akamkumbatia mama yake. Sumari aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti mbele ya wakwe zake, wala hakuona haya.