Mashua ya Kumvusha Mwanabibi

Faraj alikuwa akichovya mahamri kwenye mbaazi alipomwona Mwidani akishuka pwani ya Mtongwe, na nyuma yake mkewe marehemu, Mwanabibi, akija taratibu, mkono kifuani. Faraj akajifuta vidole, akamwamkia mzee, kisha akamgeukia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Mwanabibi akajibu, pumzi ikimkatika katikati ya neno. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu mteremko ulimchosha.

Alikuwa amekufa mwaka uliopita, mwezi wa Shaaban, katikati ya kivuko cha Likoni. Kifua kilimbana asubuhi, na asubuhi hiyo feri zilikuwa zimesimamishwa, maana mgeni wa wakubwa alikuwa akipita na boti lake jeupe kutazama bandari. Mwidani akamlaza mkewe ndani ya boti yake ya mashine, ile aliyokuwa akipelekea mboga na maji kwenye meli zilizotia nanga, akaondoka mbio kwenda hospitali ng'ambo. Boti ya doria ikamkatia njia. "Zima mashine!" akasema mtu mwenye kipaza sauti. Mwidani akazima. Wakaelea pale mpaka mgeni akapita, akiwapungia mkono. Mwanabibi hakuweza kungoja kiasi hicho.

Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, na wakubwa wakatuma rambirambi kwa mdomo wa mtu mwingine, kama watumavyo kila kitu chao isipokuwa matumbo. Asubuhi ya baada ya hitima, Mwidani alimkuta mkewe ameketi ndani ya boti, leso mpya mabegani, kadi ya hospitali mkononi, akingoja kuvushwa. Pumzi yake ilikuwa vile vile. Mwidani hakumuuliza kitu. Mgonjwa akishaketi safarini hasumbuliwi kwa maswali. Akavuta kamba, mashine ikawaka, wakaenda. Pale pale walipoamriwa kuzima, mashine ikajizima. Kesho yake ikajizima tena, na keshokutwa.

Charo, fundi wa mashine, aliifungua yote, akaisafisha, akaifunga.

"Haina ubaya, mzee. Iliambiwa izime, na aliyeiambia hajarudi kuiambia iwake."

"Na atarudi lini?"

"Hao?" Charo akacheka, akiokota spana zake. "Wakija kuomba kura."

Basi Mwidani akaiuza boti kwa mtu wa Kisauni, ambaye hakuwa na marehemu wa kumvusha, na kwake inakwenda mpaka leo bila kukohoa. Alichokipata hakikuweza kununua mashine nyingine. Kiliweza kununua chombo cha tanga, tena cha kuchagua kwa uangalifu.

Faraj, ambaye huuza na kutengeneza vyombo vidogo, aliwapitisha pwani nzima. Kulikuwa na kimoja cha faiba, cha buluu, alichokiacha Mzungu aliyerudi kwao. Mwidani alisikia bei yake akapita kama mtu aliyepita jeneza la jirani asiyesemezana naye. Kulikuwa na ngalawa, na ngalawa haipinduki ovyo na ni chombo cha mtu mnyonge, ila uwazi wake wa kukalia ni mwembamba. Mwanabibi akaushika ubao, akachungulia ndani, akapima nyonga zake kwa macho.

"Humu, Baba Fairuz, hata nikiwa hai nisingeingia."

Kikabaki cha mwisho, kimashua cha zamani chenye misumari iliyotoa kutu, kikinuka mafuta ya papa mpaka puani mwa mtu aliyesimama mbali. Mwidani akaenda moja kwa moja nyuma yake, akaupigapiga ubao, akautikisa, akainama kuutazama unene.

"Babu wee!" Faraj akaangua kicheko. "Unatafuta nini huko? Pa kutundika mashine? Mwenye tanga hutazama chini, mzee, kama mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umenyooka. Nyuma hapana kitu, ni pa kukaa tu."

"Nimekaa nyuma ya mashine tangu mwanangu Fairuz hajazaliwa."

"Sasa utakaa nyuma ya bibi. Pandeni tukijaribu."

Chombo chepesi kama kile hutaka uzito upande ule upepo unakotoka, la sivyo hulala, na Faraj alikuwa na mifuko yake ya mchanga kwa kazi hiyo. Siku ile hakuipakia. Mwanabibi alikaa upande unaotakiwa, na mashua ikasimama wima. Walipogeuza tanga, aliinama chini ya mti wake, akahamia upande wa pili kabla ya kuambiwa, kama aliyezaliwa humo.

"Bibi ana uzito mzuri," Faraj akasema kwa heshima.

"Nilikuwa mzito zaidi. Maradhi yamenila."

Aliyesumbua ni Mwidani. Alizoea kuuelekeza mdomo wa boti anakotaka na kufika.

"Ng'ambo ile pale! Unanipeleka wapi huku?"

"Tanga haliendi hivyo, mzee. Unakwenda upande, unarudi upande, ndipo unafika."

"Kama ofisi zao," Mwidani akasema, akatema mate baharini, akakaza kamba. Wakaelewana bei kabla ya kugusa mchanga.

Wiki ile ile Mwidani akamvusha mkewe. Walipofika mahali pale katikati ya kivuko, boti ya doria ikaja, na kipaza sauti kikasema kizimwe chombo, mgeni mwingine anapita.

"Wewe wa mashua! Zima mashine!"

"Sina mashine."

Wakatazamana wale wa doria. Amri waliyopewa ilikuwa ya mashine. Mmoja akapiga simu kuuliza juu ya matanga, na huko juu hakuna aliyejua, na upepo haukungoja jibu. Mwanabibi akahama upande. Wakapita.

Hospitalini karani aliigeuza ile kadi.

"Hii ni ya mwaka jana."

"Ndiyo kwanza tufike," Mwidani akasema.

Karani akagonga muhuri, akamwonyesha Mwanabibi benchi. Alikaa baada ya Mwikali wa Changamwe, aliyekufa kabla ya mvua za masika akiwa na mtoto mgongoni, na Mwikali alikaa baada ya mzee wa Ziwa la Ng'ombe aliyekuwa hai bado, kwa shida. Walihudumiwa kwa zamu ya kufika, walio hai na waliokufa. Waliokufa uliwajua kwa kuwa hawakulalamika.

Mwidani akamfuata nesi mmoja, Purity, kwenye kona ya ukumbi.

"Mwanangu, mke wangu hapati pumzi. Mtungi wa hewa uko wapi?"

"Ule pale, baba. Mtupu. Tunaomba, hawaleti."

"Tangu lini?"

"Mimi nilihamishiwa hapa mwaka juzi, nikaukuta hivyo."

Mwaka juzi Mwanabibi alikuwa akipanda ngazi za feri na kikapu kichwani akiimba. Mwidani akaihesabu miaka. Mwaka mzima alikuwa amemlaani yule mtu wa kipaza sauti, akimlaza na kumwamsha kwa laana, nayo ilimwenea vizuri. Sasa ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na wale wengine hakuwajua majina wala nyuso.

Purity akaenda mbele ya benchi, akapaza sauti. Hewa hakuna. Daktari ameitwa mkutanoni. Waje kesho. Walio hai wakanung'unika. Waliokufa wakakunja kadi zao, wakashukuru.

Mwanabibi akamjia mumewe, na usoni alikuwa na furaha kidogo, maana tangu afe hakuwahi kufika mbali hivi.

"Wamesema kesho. Utanileta, Baba Fairuz?"

Mwidani akautazama ule mtungi, akamtazama mkewe.

"Nitakuleta."

"Tuwahi, lakini."

"Tutawahi, inshallah," akasema, akampa mkono, maana pumzi ilikuwa ikimkatika.