Sentensi Moja ya Ngulumbi

Usingizi unamkamata Chediel saa nane mchana, kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, mkewe Nakijwa akiwa ndani tangu alfajiri. Usimlaumu, siku mbili hajafumba jicho. Pembeni yake mama yake ameketi kimya, kimya kile cha mzazi mwenye hasira anayeona haya kugomba mbele za watu. Chediel ni mchora katuni, na miaka mitatu iliyopita mhariri alipombana atafute jina la yule jambazi wake anayeiba nyuso za watu, akampa la marehemu baba yake, Ngulumbi. Hakukusudia ubaya, maskini. Mzee alikuwa ametoka kuzikwa na mwana alitaka jina lizidi kutajwa. Likatajwa kweli, nchi nzima. Lakini kwao jina la babu humngoja mjukuu wa kiume wa kwanza, halivaliwi na mwingine kabla yake. Umeshaligawa, mama alimwambia siku ile, sasa mwanao atavaa nini?

Mlango wa wodi unafunguka wenyewe, naye anaingia, na ndani hakuna vitanda. Kuna barabara ya vumbi jekundu inayopinda na kurudi pale pale ilipoanzia, na kila akirudi maduka yameongezeka, maduka ya vioo vitupu, na ndani ya kila kioo mji mwingine wenye barabara hiyo hiyo. Watu ni wengi na wote wanaongea. Mama mmoja anamtisha mwanawe, kula, Ngulumbi huyo anakuja. Muuza nyanya anamsimulia jirani jinsi mwenye nyumba alivyomfanyia ungulumbi, akamtupia vyombo nje mvua ikinyesha. Mashabiki wanamzomea refa, Ngulumbi, Ngulumbi. Chediel anaziba masikio, lakini wapi, analisikia hata ndani ya viganja, na kila linapotajwa linamchoma, maana ni baba yake anayetukanwa na ni yeye aliyewafundisha. Anakaza mwendo, barabara inamrudisha, wale wale, maneno yale yale. Ndipo mbele yake anasimama mwanamke mwenye sare ya muuguzi, na mahali pa uso pana ngozi tupu, laini kama ugali uliopigwa mwiko wa maji. Chediel anamjua. Alimchora mwenyewe, toleo la nne, akiibiwa uso. Mwanangu yuko wapi, anamuuliza. Yuko panapotajwa jina lake kwa wema, anajibu yule asiye na mdomo. Ndiyo wapi huko? Bado hapajajengwa, baba. Utapajenga kwa sentensi moja, na kengele ikilia hujaipata, atazaliwa hivi, anasema, akijipapasa pale palipo tupu.

Anamwingiza darasani, au darasa ndilo linalowajia, huko huwezi kujua. Ubaoni pameandikwa tunga sentensi kwa kutumia neno Ngulumbi, na watoto wasio na nyuso wameinamia madaftari wakiandika mbio, mwizi wetu ni Ngulumbi, usiwe na roho ya Ngulumbi, Ngulumbi alimla dada. Chediel anashika chaki, anaandika kwamba Ngulumbi alikuwa fundi cherehani aliyewashonea watoto sare. Anaposoma alichoandika, ubao unasema aliwashona watoto midomo. Darasa zima linacheka, sijui kwa vinywa gani. Anafuta. Anaandika Ngulumbi hakuwahi kugombana na mtu, ubao unasema hakumwacha mtu hai. Anafuta kwa kiganja, kwa kiwiko, vumbi la chaki linamwingia kooni, na nje anaona mkono umeshashika kamba ya kengele. Sasa analia kama mtoto. Anaandika ya mwisho kwa pupa, Ngulumbi ni mwanangu nami nampenda, na safari hii hakuna herufi inayosogea. Kicheko kinakatika. Mkono unaachia kamba. Chediel anashusha pumzi, anashukuru Mungu, amempata mwanawe. Kisha kwenye dawati la nyuma anainuka mtu mrefu mwenye koti jeusi, jambazi wake kama alivyomchora, anakuja taratibu kati ya madawati, na uso aliouvaa ni wa marehemu baba yake, ule ule wa siku ya mazishi, umekaza kidogo mashavuni.

Naam, baba, anasema. Nimengoja miaka mitatu uniite. Mimi ndiye uliyenipa jina kwanza.

Amka, mama yake anamtikisa bega. Amka, baba wa mtu, ni dume. Jua bado lipo kwenye benchi. Muuguzi mwenye barakoa ametoka na kitoto kwenye khanga, na Chediel anakipokea kwa mikono ya baridi, anafunua, uso upo, wote, macho na kipua. Anaangua kilio mbele za watu wala haoni aibu. Mama naye hasira imemwisha. Anamwambia muuguzi aandike Ngulumbi, ni jina la babu yake na wanaocheka wacheke. Muuguzi hacheki. Anaandika, halafu anauliza bila kuinua kichwa, mtoto wa ngapi huyu?

Chediel anauhisi mdomo wake ukifunguka, anataka kuuzuia, na anajisikia akijibu.

Wa pili.