Tangazo la Nyuma ya Mlango

Ubao wa matangazo wa ofisi yetu uko ukutani, nyuma ya mlango mkubwa wa kuingilia. Mlango hufunguliwa saa mbili asubuhi na kuwekewa jiwe usibamizwe na upepo, basi unaufunika ubao kutwa nzima. Saa kumi ukifungwa, ubao unaonekana vizuri sana, ila watu wote wameshaenda zao.

Mimi ndiye niliyebandika tangazo. Lilihusu kanuni mpya: marufuku kuuza sabuni ya maji katika chupa zilizokwisha kutumika. Sheria inatutaka tuwape wananchi siku ishirini na moja za kutoa maoni kabla kanuni haijapitishwa, na tangazo likae mahali pa wazi. Nilisogeza mlango, nikabandika kwa pini nne, nikapiga picha ya kuweka kwenye faili, kisha nikarudisha mlango na jiwe lake. Niliona nilichofanya, nisijisingizie upofu. Nilifikiri tu kwamba maoni yakija yataleta vikao, vikao vitaleta mihutasari, na mwandishi wa mihutasari ni mimi.

Sasa, shangazi yangu anatengeneza sabuni ya maji. Sabuni hiyo ndiyo iliyonilea tangu mama alipofariki, ikaninunulia mpaka suruali niliyovaa kwenye usaili wa kazi hii hii. Chupa hununua kwa waokotaji, akazisuuza kwa maji ya moto na kuzianika uani, midomo chini.

Siku ya tisa ya tangazo aliniletea chakula ofisini, maana nilikuwa nimetoka nyumbani bila kula. Alisimama palepale mlangoni akimtania mlinzi.

"Serikali nzima hii, mlango unashikwa na jiwe?"

"Mama, bajeti!" mlinzi akajibu, wakacheka wote wawili.

Nikapokea bakuli, nikamsindikiza upesi hadi getini. Kumwambia kungechukua sentensi moja. Nikajiahidi nitamwambia Jumapili, na Jumapili ilipofika tukazungumzia harusi ya binamu yangu mpaka jua likazama. Niliona haya, basi. Sikutaka kumwona anaingia ofisini na kundi la wenzake na ndoo zao, wakubwa wajue mimi ni wa nani.

Siku ya ishirini na mbili nikaandika kwenye ripoti: "Maoni yaliyopokelewa: hakuna." Bosi akasoma, akatabasamu.

"Safi. Watu wameridhika."

Kanuni ikapitishwa, na mwezi uliofuata wakaguzi walifika kwa shangazi. Walibeba chupa zote, wakafunga banda lake la sabuni. Karatasi ya kufungia waliibandika katikati ya mlango, kila mpita njia aione.

Nilimkuta uani amekaa juu ya ndoo, mikono mapajani.

"Wanasema tangazo lilikaa ofisini kwenu wiki tatu," alisema. "Nikabisha. Wakanionyesha picha kwenye simu, kweli lipo, limepigwa pini nne. Na mimi nilisimama palepale, mwanangu, nikapiga soga na mlinzi. Macho yangu yameharibika. Nimewaponza na wenzangu, maana ningeliona ningewaambia."

"Shangazi..."

"Usinitetee. Nipeleke tu nikapimwe, nipate miwani."

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Kesho, shangazi." Usiku ule sikulala, nilijichukia.

Kwenye chumba cha mpima macho, shangazi aliziba jicho moja kwa kiganja, akasoma herufi za ukutani mstari kwa mstari, hadi ule wa chini kabisa ambao mimi nilikuwa naukisia. Jicho la pili, vilevile. Akapewa kadi ya kusoma karibu, akaisoma yote bila kusita.

"Mama, macho yako mazima kabisa," mpima macho akasema. "Nani kakudanganya kwamba yameharibika?"

Shangazi akacheka kwa furaha, halafu kicheko kikakatika. Akaiweka kadi mezani, akanigeukia taratibu.

"Basi, mwanangu, lile tangazo mlilibandika wapi?"

"Nyuma ya mlango," nikasema. "Na jiwe niliweka mimi."

Alinitazama kwa macho yake mazima. Kisha akamshukuru mpima macho, akachukua mkoba wake, akatoka bila kunisubiri.