Ndoo ya Sura ya Kumi na Moja

Swali lenyewe lilikuwa fupi, na ukumbi mzima ulilicheka.

"Mimi ni mtu wa usafi," alisema mama mmoja wa safu ya tatu. Alisimama na sare yake ya bluu ya hospitali, maana alikuwa katoka zamu moja kwa moja. "Mwaka wa ishirini na sita huu nadeki. Nimewasikiliza tangu asubuhi. Matangi mmeyaeleza, mabomba mmeyaeleza, kuta mmezieleza mpaka tumesinzia. Mimi nauliza hivi: hayo maji yenu ya urani yakimwagika sakafuni, mtu wa usafi anayazoa kwa ndoo gani?"

Lo! Watu walivunjika mbavu. Mhandisi wa kampuni, kijana mwenye shati lililonyooshwa likanyooka, alichukua kipaza sauti akatabasamu. "Mama, ndoo tutanunua. Hata ukitaka ya rangi unayoipenda."

Kicheko kikaanza upya. Yule mama aliganda amesimama, akatazama meza kuu kama mtu anayemtafuta mtu fulani, kisha akaketi.

Na huyo mtu aliyetafutwa alikuwepo. Alikaa wa pili kutoka kushoto, na mbele yake palikuwa na kibao kilichoandikwa "Mkaguzi, Mamlaka ya Usalama wa Nyuklia". Ofisini walimwita Bi Kalamu, kwa sababu ya kalamu yake nyekundu iliyokwisha kurudisha maombi ya watu wazima na akili zao. Mama wa sare ya bluu alikuwa dada yake, tumbo moja, aliyeacha shule mama yao alipofariki ili mdogo wake asome. Bi Kalamu alimsikia vizuri kabisa. Akainamisha kichwa, akajifanya anasoma.

Asisingizie sheria hapa. Fomu ya kutangaza kwamba ana ndugu katika mji ule alishaijaza tangu mwanzo, na Mamlaka ilisema haina neno maadamu dada mtu haajiriwi na kampuni. Hakuna kanuni iliyomkataza kusema, "Mpeni mama huyu jibu la maana." Ilikuwa aibu tu, aibu tupu, mbele ya wenzake wenye suti. Na alilijua hilo pale pale alipokuwa anajifanya kusoma.

Jambo lililowakusanya lilikuwa kiwanda. Kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha kutengeneza mafuta ya vinu vya nyuklia, pembeni ya mji ule mdogo ambao watu wake walikuwa na njaa ya ajira. Maombi yao yalikuja Mamlaka ndani ya maboksi manne, sura kumi na nane. Wakaguzi waligawana sura kama watu wanavyogawana mafungu sokoni. Bi Kalamu alipewa ya tano, ya matangi na mabomba, iliyo ngumu kuliko zote. Aliikagua miezi saba, akaitia sahihi. Zilibaki siku kumi ripoti ipelekwe kwenye bodi, na kila mtu ofisini alijua kwamba bodi hiyo hiyo ingemtangaza yeye kuwa Mkaguzi Mkuu. Watu walishaanza kumpa hongera nusu nusu kwenye korido.

Jioni ile, ndani ya gari la ofisi, hadithi ilikuwa ndoo.

"Ya rangi unayoipenda!" dereva alisema, akapiga usukani kwa kicheko.

Bi Kalamu alicheka kidogo, kicheko cha kuwaridhisha watu. Halafu akaacha ghafla.

Ndoo ina umbo gani?

Hapa tuelewane, maana ndipo penyewe. Urani iliyoyeyushwa haina shida ikikaa ndani ya bomba jembamba, au ndani ya sinia bapa. Inatulia tuli. Lakini ukiikusanya nyingi mahali pamoja, kwenye chombo kipana chenye kina, chembe zake huanza kuchocheana zenyewe kwa zenyewe, na kufumba na kufumbua inatoka mionzi ya kumuua aliyesimama karibu. Hakuna haja ya kiberiti wala cheche. Umbo la chombo linatosha. Ndiyo maana Bi Kalamu alipima kila tangi la kiwanda kile kwa unene wa ukucha. Na ndoo ya kudekia, jamani, ni chombo kipana chenye kina.

Aliifungua sura ya tano mapajani, gari likirukaruka. Ukurasa wa mia mbili na kumi, mstari wa chini kabisa: "Kuhusu umwagikaji, tazama sura ya kumi na moja." Pembeni palikuwa na alama yake mwenyewe ya vema, kwa wino mwekundu.

Hakuwahi kuitazama. Sura ya kumi na moja ilikuwa ya mwenzake.

Asubuhi hakungoja chai. Alimfuata huyo mwenzake, mkaguzi wa siku nyingi aliyepewa utani wa Mzee Vyoo, kwa kuwa sura zake siku zote zilikuwa za usafi, vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo. Naye aliupenda utani huo. Hata kwenye simu alijitambulisha hivyo hivyo.

"Mzee, nifungulie sura yako. Pale pa vyombo vya usafi."

Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "Vyombo vyote vya usafi vitakuwa salama, kama ilivyoelezwa katika sura ya tano."

Wakatazamana.

"Mimi," Mzee alisema polepole, "nilipoona sura ya tano, nikasema hiyo ni ya Bi Kalamu. Nani atamkagua Bi Kalamu? Nikapita."

"Na mimi nikasema ni ya Mzee."

"Basi tumenoa, mama. Tumenoa wote wawili."

Ndilo kosa la watu wa kazi ile, wala usilitafute kwingine. Mtu mvivu asingelifanya, maana mvivu hasomi hata mstari wa kwanza. Ni kosa la watu makini wanaoaminiana, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba mwenzake kashika.

Bi Kalamu alitoka akaenda stoo, akaomba ndoo ya ofisi. Aliipima kwa rula juu ya meza yake, kimo na upana, huku mwenye ndoo kasimama mlangoni anashangaa. Lita ishirini. Urani ya kiwanda kile ilikuwa ya aina mpya, yenye nguvu kuliko ya kawaida. Akapiga hesabu. Akarudia. Akampa Mzee naye apige ya kwake bila kuona ya mwenzake. Jibu likawa lile lile: ndoo moja ikijaa, kikomo cha usalama kimevukwa.

"Miezi saba," alisema Bi Kalamu. "Miezi saba, Mzee, na dada yangu kaliona kwa asubuhi moja."

"Dada yako? Yule wa jana ni dada yako?"

Bi Kalamu alikuwa ameshashika simu, anampigia dada yake. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Baadaye ukaja ujumbe wa maneno matatu: "Niko kazini, mheshimiwa." Hilo "mheshimiwa" lilimchoma kuliko tusi.

Mkurugenzi wa Mamlaka alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Bi Kalamu kwa kazi yake.

"Vizuri umeliona," alisema. "Sasa tulimalize kiutu uzima. Nawapigia kampuni, wanaongeza sentensi moja: vyombo vya usafi viwe bapa. Tunaita marekebisho madogo ya maandishi. Sahihi yako inabaki palepale, ripoti inakwenda kwa siku yake, na wewe unakwenda kwenye cheo chako."

Ilikuwa njia rahisi, na tusijifanye haikumvutia. Alikitaka kile cheo. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kuweka meza.

"Na sura zile nyingine?" aliuliza. "Mangapi humo ndani yamesema 'tazama kule', na kule wamesema 'tazama huku'? Tukiliita dogo, hakuna atakayetafuta mengine. Na watu wa mji ule wataendelea kuamini swali lilikuwa la kuchekesha. Siku ikimwagika, mtu atachukua ndoo."

"Unataka nini?"

"Naondoa sahihi yangu. Sura ya tano ifunguliwe upya, na viungo vyote vya 'tazama kule' katika sura zote vikaguliwe. Na mkutano wa hadhara urudiwe."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Unajua bodi haitamteua mtu mwenye sahihi iliyoondolewa. Angalau si mwaka huu."

"Najua."

"Unajua, na bado?"

"Mkurugenzi, usinirudishe nyuma, nimejikaza kisabuni hapa."

Kikafuata kichekesho. Fomu ya mkaguzi kuondoa sahihi yake mwenyewe ilikuwepo kisheria, ila hakuna aliyewahi kuitumia, na hakuna aliyejua ilipo. Masijala waligeuza makabati siku mbili. Ilipopatikana, Bi Kalamu aliijaza, na kwenye nafasi ya "sababu" akaandika: "Sikutazama nilipoambiwa nitazame." Mzee Vyoo akaomba nakala, akajaza ya kwake.

Walitafuta wiki tatu. Vilipatikana viungo vingine vinne vya namna ile, vinavyoelekezana bila mwenye kushika. Kimoja kilihusu kengele ya hatari. Mkurugenzi aliisoma orodha, akasema, "Mama, asante," na hakuongeza neno.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Dada alikuja, akakaa safu ile ile ya tatu, mikono kaifumbata kifuani. Kwa wiki tatu hakuwa amepokea simu.

Bi Kalamu alisimama. Karatasi alikuwa nayo, lakini aliiacha mezani.

"Mara iliyopita mlicheka swali la ndoo," alisema. "Swali lile ndilo lililokuwa la maana kuliko yote tuliyoulizwa. Ndoo ya kawaida ndani ya kiwanda hiki inaweza kuua. Sisi wakaguzi tulipitiwa. Mimi nilipitiwa, na sahihi yangu nimeiondoa." Akageukia safu ya tatu. "Na jambo jingine. Mama aliyeuliza ni dada yangu. Ndiye aliyenilea. Siku ile nilimsikia anachekwa, nikainamisha kichwa. Dada, nisamehe."

Dada alishusha mikono kutoka kifuani.

Mhandisi wa kampuni naye alisimama, safari hii bila tabasamu. Aliomba radhi kwa utani wake, kisha akaonyesha chombo walichobuni: sinia pana la chuma lenye kina cha vidole vitatu, na matundu pembeni ili kisijae kupita hapo. "Kuna swali?" aliuliza, na safari hii alikuwa na kalamu mkononi.

Dada aliinuka. Hakuenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda moja kwa moja mbele, akalishika sinia, akalipima uzito.

"Likiwa tupu sawa," alisema. "Likiwa na maji?"

"Tuna... tumekokotoa uzito wake, mama."

"Sijauliza mmekokotoa. Leteni maji."

Wakaleta kutoka bomba la nje. Dada akainama, akalinyanyua, akapiga hatua ya kwanza, na maji yakacheza yakamwagikia viatu vya Mhandisi. Hakuna aliyecheka.

"Unaona? Hapo mtu ana miaka hamsini na mgongo unamuuma. Atalibeba siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu atakwenda kuleta ndoo kutoka nyumbani kwake, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Sasa mtamzuiaje?"

Mhandisi alikuwa anaandika, kapiga goti sakafuni ili apime vipini. "Ungetaka vishikio vikae wapi, mama?"

Kabla Dada hajajibu, Bi Kalamu alikwishashuka kutoka meza kuu. Alivua koti, akalitupa juu ya kiti cha mtu, akashika upande wa pili wa sinia.

Dada alimtazama.

"Shika kwa chini," alisema. "Inua pamoja na mimi, usinitangulie."

Wakainua. Watu waliondoa miguu na kuvuta viti kuwapisha njia. Walitembea hivyo ukumbi mzima, kutoka jukwaani mpaka mlangoni, taratibu, kila mmoja macho kwenye maji, Mhandisi nyuma yao anahesabu hatua. Walipofika mlangoni wakaliweka chini. Halikumwaga hata tone.

Dada alijifuta mikono kwenye sare, akashusha pumzi.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Chukua kalamu yako uandike: watu wawili. Mmoja peke yake, marufuku."

Bi Kalamu alichukua karatasi moja ya Mhandisi, akaandika pale pale mlangoni, karatasi juu ya mgongo wa Dada.