Violini Zimefukuzwa Kazi

Jumapili ile Fundi Bati aliinamia redio kwa uso wa mtu anayepunjwa kwenye mizani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu yake.

"Wamewafukuza wapiga violini."

Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani, mlango wa chumba uko wazi. "Nani kawafukuza?"

"Redio. Wamebakiza ngoma na yale matarumbeta manene. Wanabana matumizi. Kesho nakwenda kuwaambia."

Na kweli alikwenda. Fundi Bati hakuwa mtu wa kulalamika chumbani akaishia hapo. Alivaa shati lake la kutokea, akafunga karakana asubuhi kweupe, akaenda hadi kituo cha redio na kumweleza mlinzi wa getini kwamba kipindi cha Jumapili kimeharibiwa, violini hazipo, na filimbi nazo zinaelekea kuondoka. Mlinzi alikuwa mtu muungwana. Aliahidi kufikisha habari kwa wakubwa, na Fundi akarudi nyumbani kifua mbele.

Jumapili iliyofuata violini hazikurudi. Akabadilisha betri. Akaipeleka redio kwa fundi wa redio, wakagombana mpaka wakanyimana salamu, akanunua redio mpya. Redio mpya nayo ikaja bila violini.

Kipindi chenyewe kiliitwa Kisa Kwanza. Kila Jumapili saa kumi jioni, mtangazaji ambaye watu walimwita Bibi wa Jumapili alisimulia kisa cha muziki kabla ya kuupiga: nani aliutunga, alikuwa na ugomvi na tajiri gani, alimpenda mwanamke gani ambaye hakuwa na habari naye. Halafu ndipo okestra inaingia, nawe unajua kabisa nani analia na nani anachekwa. Fundi alikipenda kipindi hicho kuliko chakula, na sababu hakuificha. Tangu ujana wake aligonga bati. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, ndoo, makopo ya kumwagilia maua, chochote kinachokubali kukunjwa na kupigwa nyundo. "Hizi ndizo kelele pekee za wiki nzima," alizoea kusema, "ambazo sikuzipiga mimi."

Mkewe hakuwa na haja nazo. Yeye alikuwa mkunga hospitalini, na kelele za wodini zilimtosha. Saa kumi ikifika alijitafutia kazi uani, akimwachia mumewe watu wake wa violini wasioishiwa pumzi.

Lakini mkunga ana jicho. Siku moja birika lilipiga mluzi jikoni, mluzi wa kuamsha mtaa mzima, na Fundi alikuwa amekaa kando yake anasoma gazeti kwa raha zake. Hakutikisa hata unyusi. Mkewe akaliepua birika, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu mambo mazito wakiwa wamemkazia macho, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Baba watoto, violini zipo. Hakuna aliyefukuzwa. Masikio yako ndiyo yameacha kuzisikia."

Fundi alimtazama kama mtu aliyetukanwa msibani. Hakumsemesha hadi kesho yake.

Daktari wa masikio alisema yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Nyundo zilikuwa zimemla masikio kuanzia juu: sauti nyembamba kwanza, nene baadaye, na zilizobaki nazo zitakwenda. Alimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kifaa kilimsaidia kidogo kwenye mazungumzo, lakini muziki ukipita humo ulitoka kama misumari inayotikiswa kwenye debe. Jumapili ya kwanza Fundi alivumilia kwa dakika chache, akakichomoa, akazima redio na kuifunika kitambaa.

"Waache wenye masikio wasikilize," alisema.

Basi Jumapili ikafa ndani ya nyumba ile. Saa kumi Fundi alikaa kwenye kizingiti cha karakana, mikono katikati ya magoti, akitazama watu wanaopita. Siku za kazi nazo zikaanza kuharibika. Alitengeneza sanduku ambalo kifuniko chake kilikataa kukutana na bawaba, jambo ambalo halijapata kutokea, na badala ya kulirekebisha akalisukuma kando. Mkunga aliliona sanduku lile akaogopa. Aliwahi kuwaona watu wa namna hiyo, wanaoacha kitu kimoja wanachokipenda, halafu cha pili, mwisho wanaacha kuamka. Hakuwa tayari kumpoteza mumewe kwa mtindo huo, tena kwa ajili ya violini ambazo hata hakuzipenda.

Jumapili moja akakivuta kile kitambaa, akawasha redio kwa sauti ya juu, akamwita mumewe ndani na kumkalisha mezani, uso kwa uso naye.

"Nitakusimulia," akamwambia kwa sauti ya kuvuka mto. "Wewe tazama mdomo wangu."

Kisa alikifikisha vizuri. Muziki ulipoanza, maneno yakamkauka.

"Wanapiga," alisema.

Fundi akangoja.

"Bado wanapiga."

"Wanapigaje?"

"Wanapiga vizuri tu."

Fundi akaanza kucheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza tangu kwa daktari. "Mama watoto, hata cheti cha kifo kina maneno mengi kuliko hayo!"

Neno lile lilimchoma. Mkunga huyu alikuwa amepokea watoto wa nusu ya mji, hakuwa na mazoea ya kuambiwa hajui kazi. Wiki nzima alinuna nalo. Jumapili iliyofuata alikaa kitini, akakunja mikono ya gauni, na muziki ulipoanza akaamua kutumia lugha pekee aliyokuwa nayo.

"Haya, violini zimeshika. Zinakuja polepole. Zinapanda. Subiri, usisukume, bado! Zimetulia, zinavuta pumzi. Kuna filimbi imeingia, moja tu, nyembamba, imeogopa. Tarumbeta zinaiambia isiogope. Sasa zote zinarudi, zinabana, zinabana, hapohapo, usiache... Imetoka! Imetoka salama!"

"Imetoka!" Fundi akapiga meza kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkewe vilevile. Wakatazamana, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu siku hiyo hawakukosa. Fundi naye hakukubali kuwa mgeni kwenye jambo lake mwenyewe. Alikata bati jembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, akalikunja kuwa kisanduku kipana kisicho na kitako, akaiweka redio juu yake na viganja vyake pembeni. Ngoma zilimfikia kupitia mikononi, na zeze kubwa zile za sauti nene, dada wakubwa wa violini, nazo zilimfikia. Mkewe alimletea vya juu, vya chini alivichukua mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kelele. Redio ilipiga kwa nguvu zote na mkunga alipaza sauti juu ya redio, na nyumba za mtaa ule zilikuwa zimegusana mabega. Jirani yao, dada mmoja mshonaji, alikuja amevimba.

"Shoga, hivi nani anazaa humu kila Jumapili?"

Alikuja kugomba, akasimama dirishani kusikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata alikuja na kigoda. Baada yake akaja muuza magazeti, kisha kinyozi aliyeacha mteja nusu kichwa. Walikaa nje chini ya dirisha na kunyamaza. Mkunga alilipa dirisha mgongo ili mumewe auone mdomo wake, na hakuwajali.

Ndipo ikaja Jumapili ambayo Bibi wa Jumapili alianza hivi: leo nitawasimulia habari za mtunzi aliyekuwa kiziwi.

Mkunga akafunga mdomo. Redio ikaendelea kusimulia, naye akasikiliza bila kumfikishia mumewe neno. Alimtazama mumewe, viganja juu ya bati, macho kwake, anangoja kisa chake kama mtoto anayengoja kulishwa. Miaka yote wodini hakuwahi kumdanganya mtu. Lakini alikikumbuka kile kitambaa juu ya redio, na woga ukamshinda.

"Leo ni habari za mwokaji mikate," alisema.

"Mwokaji?"

"Mwokaji. Tanuri lake lilizimika, mji ukalala njaa. Ikabidi aanze upya." Alisimulia bila haya: unga, kuni, ugomvi na mke wa mwokaji. Muziki ulipoanza akauchanganya humohumo, violini zikawa moshi, tarumbeta zikawa wateja wenye hasira. Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha okestra ikanyamaza, na zeze zile nene zikaanza kuimba peke yake, chini kabisa, wimbo mwepesi wa kutembea. Fundi akakaza viganja kwenye bati. Uso wake ukabadilika. Baada ya muda kwaya ikaingia kwa kishindo, na bati likatetemeka lote.

"Huyo mwokaji," aliuliza Fundi taratibu, "aliimbiwa na kwaya nzima?"

"Alikuwa na wateja wengi."

"Mama watoto."

Mkunga akainamisha macho.

"Huu naujua. Ulipigwa mwaka tuliomwozesha binti yetu. Aliyeutunga alikuwa kiziwi kuliko mimi."

"Nimekudanganya," alisema mkunga. Aliona haya, na haya ikamtia hasira. "Sasa ulitaka nifanye nini? Uifunike tena redio? Urudi kukaa kwenye kizingiti kile?"

"Wewe uliyenipasulia ukweli mbele ya birika, leo unaniletea mikate?"

"Siku ile nilikuwa mkunga. Leo nilikuwa mkeo."

Fundi hakuwa na hasira. "Kila Jumapili nimekuwa nikijiuliza watapiga lini muziki wa yule mwenzangu," alisema. "Nisimulie. Na ile ya mkono wa shati usiiruke."

Mkunga akavuta pumzi, akaanza upya, sauti yake juu ya kwaya. Alimsimulia kwamba siku muziki huu ulipopigwa mara ya kwanza, mtunzi alisimama pale mbele pamoja na wapigaji, mgongo kwa watu, akifunua kurasa za kitu asichokisikia. Muziki ulipokwisha, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi, naye hana habari, bado ameinamia karatasi zake. Akadhani wamemnyamazia. Ndipo mwimbaji mmoja, mwanamke, akamwendea, akamshika mkono wa shati na kumgeuza ili aione mikono ya watu.

"Hapo," alisema Fundi. "Hapo ndipo nilipolia mwaka ule. Nikasingizia moshi wa lehemu umeniingia machoni."

"Sasa tulia, wanamalizia," mkunga akamwambia, na akafumba macho. Hakuna neno lililomkauka safari hii. Alizipandisha violini, akazigombanisha na kwaya, akawapatanisha, akawaharakisha wote mlangoni wakisukumana kwa furaha, mpaka sauti yake ikakatika pamoja na okestra, nukta ileile.

Makofi yakalipuka redioni. Ulikuwa muziki uliorekodiwa ukumbini, na makofi yalikuwa mengi kama mvua juu ya bati. Mkunga hakusikia kingine. Alifumbua macho, akitweta.

"Wanapiga makofi," alimwambia mumewe. "Ukumbi wote umesimama. Wanapiga tu."

Fundi hakuwa anautazama mdomo wake. Alikuwa anatazama nyuma yake. Akainuka, akaondoa viganja kwenye bati, akamshika mkewe mkono wa gauni na kumgeuza taratibu kuelekea dirishani.

Dirisha lilikuwa limejaa. Mshonaji alikuwa amesimama juu ya kigoda chake, kinyozi ana taulo begani, muuza magazeti ameyabana magazeti kwapani ili mikono iwe huru, na nyuma yao wengine asiowajua, wote wanapiga makofi.

"Hao si wa redio," Fundi akamwambia. "Hao ni wako."