Mkono wa Kumi na Mbili

Zilibaki dakika arobaini ofisi ya usajili ifungwe, na kwenye korido nje ya mlango wake wanafunzi kumi na wawili walikuwa hawashikiki. Waliimba kwa kunong'ona, kama hilo linawezekana, na kila mlango ulipofunguka wote waliruka. Kwa miaka miwili walikuwa wakisali chini ya ngazi za maktaba, huku mfagiaji akiwapitishia fagio miguuni na kuwauliza kama hawana kwao. Leo, Mungu akipenda, kikundi chao kingesajiliwa na kupewa chumba. Chumba chenye mlango! Chenye viti!

Faili lilikuwa mikononi mwa Katibu, binti wa mwaka wa pili, mwenye mwandiko safi hata ungedhani umepigwa chapa. Alivaa gauni la bluu aliloshonewa na marehemu mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na nguo zote za bintiye alizikata pana kwapani. "Gauni lisilokuacha uinue mikono ukasifu, hilo ni la kupigia picha tu," alikuwa akisema, huku pini zimemjaa mdomoni.

Jumamosi nzima walikuwa wameketi kuandika yale wanayoyaamini kwa pamoja, na haikuwa kazi ya mchezo, maana walitoka makanisa sita. Kwenye ubatizo nusura wavuane mashati: huyu anataka maji ya kuzama mzimamzima, yule anatosheka na ya kiganja. Mwishowe mwenyekiti wao, kijana waliyemwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, akakata maneno.

"Kila mtu na maji yake, akayamwage kanisani kwake! Hapa tuandike yale ambayo tukiyaacha hatuna tena imani."

Yakapatikana manane. Kwamba Mungu ni mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu na akafufuka. Kwamba tunaokolewa kwa neema, si kwa ujanja wetu. Na mengineyo, mpaka la nane: kwamba wafu watafufuliwa. Utaratibu wao ulikuwa mmoja, nao hauna mjadala. Hakuna neno linalopita mpaka kila mwanachama ainue mkono. Mikono ilipanda mara nane, Katibu akahesabu, akaandika.

Karani akawaita. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hakuwa mtu wa kufanyia karatasi mzaha.

"Katiba yenu inasema kila neno lipite kwa mikono ya wote. Wanachama mko wangapi?"

"Kumi na wawili, mama," Kipaza akajibu, jengo zima likasikia.

"Hapa mikono ni kumi na mmoja. Hapa kumi na mmoja. Hapa tena. Mara nane!" Akavua miwani. "Nani huyo katikati yenu asiyeamini hata kwamba kuna Mungu?"

Wakatazamana. Kisha Kipaza akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Ni Katibu! Alikuwa anaandika! Kalamu mkononi, daftari mapajani, angeinua nini, mguu?"

Vicheko vikalipuka. Hata karani alibana midomo ili asicheke. "Basi ainue sasa, nione kwa macho yangu," akasema, akatoka koridoni na faili lao na muhuri.

Katibu akacheka pamoja nao, lakini si kwa moyo wote. Maneno saba alikuwa kweli amezuiwa na kalamu. La nane, alikuwa ameishukuru kalamu. Mama alikuwa amezikwa mwaka na nusu uliopita, na tangu hapo Katibu aliogopa kutumaini kuliko alivyoogopa kulia. Akitumaini, kisha isiwe, si atakuwa amempoteza mara mbili?

Akampa Kipaza kalamu. Karani akasoma. La kwanza, mkono ukapanda, na kumi na mmoja wakashangilia kama wamefunga goli. La pili, la tatu, mpaka la saba, shangwe zikizidi hadi milango ya jirani ikafunguliwa.

La nane, mkono haukupanda.

"Sitaki kudanganya," Katibu akasema, na machozi yakamtoka. "Mama yangu... Siwezi kuinua tu ili tupate chumba."

Mwanafunzi wa uhandisi, yule wa maji ya kuzama, akamshika bega. "Usilie, dada yangu. Mama karani, tunaweza kulifuta hilo moja?"

"Ni haki yenu," karani akasema. "Mna dakika tano."

Kipaza akamtazama Katibu, akawatazama wenzake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Siwezi kumwacha dada yetu nje," akasema, akaweka ncha ya kalamu mwanzo wa mstari.

"Usiguse!"

Sauti hiyo ilimshtua Katibu mwenyewe. Alikuwa amemkamata Kipaza kifundo cha mkono.

"Ukifuta hapo, mama yangu atakuwa wapi? Usiguse! Hapo ndipo alipo!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akafuta machozi kwa kiganja, na furaha ikampanda ghafla. Kumbe alikuwa anaamini siku zote. Akauinua mkono, juu kabisa, kwa nguvu zake zote, na gauni halikumbana popote.

"Kumi na miwili," karani akasema, akaliegemeza faili ukutani, akaligonga muhuri palepale.

Wakarukiana, wakapiga vigelegele, mtu akaangusha kiti. Ilibidi Kipaza apige kelele ili asikike, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Shusha mkono, dada! Imeshapita!"

"Niacheni kwanza," akasema Katibu.